Ule Mtaa Uache

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Mzee wangu,

Tumefika salama. Naanza na hilo kwa sababu najua utaruka maneno mengine yote ukilitafuta.

Nakuandikia kwa kuwa simu imetushinda. Jana nilikupigia kutoka stesheni nikasema, "Tumefika," wewe ukajibu, "Sawa, mwambie aniletee kesho." Sijui ulidhani unaongea na nani. Tangu masikio yako yaanze kuchagua ya kusikia, afadhali kalamu.

Bosi alilala mapajani kwangu njia nzima. Kwa umri wa miaka mitano ana uzito wa gunia, na hata usingizini anatoa amri. Aliamka treni ikipita kwenye mto, akaliona daraja kubwa. "Bibi, hili si lile la kwenye kalenda yetu?" Nikamwambia ndilo. Akalikazia macho. "Mbona linasogea?" Dada yake, Wakili wetu, akaanza kumweleza kwamba tunaosogea ni sisi. Wamebishana mpaka stesheni, na mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akaingilia kumtetea Bosi.

Tumepata chumba kwenye nyumba ya wageni nyuma ya stesheni. Ina lifti. Bosi ameipanda na kuishuka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kama imeharibika. Nikamwambia amsamehe, babu yake alitengeneza nusu ya lifti za jiji hili, damu inamwita.

Mzee, dirisha liko wazi na mnara umepiga kengele ya jioni sasa hivi. Nilidhani nimeisahau. Enzi zile napiga pasi mashuka hotelini, kengele hiyo ndiyo ilikuwa inaniambia kwamba umeshuka kazini, unakuja kunisubiri mlango wa nyuma na mikono yako ya grisi. Mwili umesimama wenyewe, nikashika mkoba. Wakili akauliza, "Bibi, unakwenda wapi?" Nikaurudisha mkoba mezani.

Kabla hatujarudi nitawapeleka mtaani kwetu. Uliporudi kumzika msimamizi wako wa kazi uliniambia kila kitu kiko vilevile, hata rangi ya mlango. Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Natamani ungekuwepo utuongoze, lakini nyonga yako imekataa, na mimi siwezi kugombana na nyonga.

Kula vizuri. Usimpe paka chakula cha kuku wangu.

Mkeo


Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Mama watoto,

Barua nimepata. Mimi mzima. Kuku wazima, ila yule mweusi ananiangalia kama mimi ndiye niliyekufukuza. Kila asubuhi natembea mpaka sokoni na kurudi kama daktari alivyoagiza. Jioni jirani yetu seremala anapita tunapiga gumzo. Kwa hiyo usiniwaze.

Mwambie Bosi, huyo mume mwenzangu, kwamba amri za lifti ni mbili tu: usiruke ndani yake, na usiweke kidole mlangoni. Nyingine zote atoe yeye.

Wapeleke makumbusho wakaone mifupa ya nyangumi. Wapeleke mnarani, wapande na lifti mpaka juu. Ile nilikuwa naihudumia mwenyewe. Ikifika katikati inakohoa kidogo, wasiogope, ndivyo ilivyo tangu inazaliwa. Wapeleke mtoni wakapande boti. Jiji lile lina mambo, hamtayamaliza.

Ule mtaa wetu uache. Kile kilima si cha magoti yako, na magari yamekuwa mengi. Isitoshe watoto wataona nini? Ngazi na mlango. Milango hata huku ipo.

Wasalimie wote wawili. Mwambie Wakili nasubiri ripoti.

Mumeo


Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Mzee,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Nianze na mengine. Makumbusho tumekwenda, na Bosi akatupotea. Nilikuwa namfunga Wakili kamba ya kiatu. Nainua kichwa, mtoto hayupo. Nimekimbia kwenye vile vyumba nikimwita, watalii wananipiga picha. Tumemkuta amelala chali katikati ya mbavu za nyangumi, ndani ya ile kamba ya kuzuia watu, mikono chini ya kichwa. Mlinzi kasimama juu yake hajui aanzie wapi. Bosi anamwambia, "Zima taa, nataka kulala." Nilitaka kumchapa, nikajikuta nimemkumbatia. Usimwambie mama yake.

Sasa lile lingine. Milango hata huku ipo. Haya.

Mimi nakumbuka siku tunahamia. Ulibeba godoro kichwani, ghorofa tano, fundi lifti aliyepanga nyumba isiyo na lifti, na majirani wote wametoka kucheka. Kila ghorofa ulikuwa unalitua unapapasa ukuta, eti unakagua jengo. Hukutaka nijue umechoka. Nakumbuka usiku wa kwanza tulikula mkate kutoka kwa mwoka mikate wa chini, ukiwa moto, tumekaa kwenye godoro lile, na ukaniambia kwamba ukipata kazi ya kudumu utanijengea lifti ya watu wawili tu. Nakumbuka siku tunahama pia, mama yako anaumwa huku nyumbani, binti yetu bado anatambaa. Ulishuka zile ngazi bila kugeuka. Mimi niligeuka kila ghorofa.

Kama kwako hizo ni ngazi na mlango, kwangu ni ujana wangu. Hukusema hata neno moja, "nisalimie pale." Ninaanza kujiuliza kama tulikaa nyumba moja.

Kesho nakwenda, na sikuombi ruhusa.

Bibi wa wajukuu zako


Jumatano, tarehe 12 Agosti

Mzee wangu,

Tumekwenda jana.

Kila kitu kiko kama ulivyoniambia. Mlango ni uleule wa kijani, umepauka tu pale chini watu wanapousukuma kwa mguu. Mwoka mikate yupo. Si yule wetu, ni mwanawe, ana tumbo la baba yake na hasira za mama yake. Harufu ya mkate imetupokea tangu kona. Tumepanda mpaka juu, na mama mmoja kijana anayekaa chumba chetu akatukaribisha ndani. Ameweka meza palepale tulipoweka yetu. Dirishani anaona tulichokuwa tunakiona: mapaa, mto, na kichwa cha mnara. Bosi amepewa mkate. Wakili ameuliza maswali mpaka nikaona haya.

Nimekusalimia pale, ingawa hukuniagiza.

Nisamehe maneno ya juzi. Kuhusu magoti ulisema kweli, leo yananiuma na tumeshinda chumbani. Mimi nimechoka tu, si kitu kingine.

Mkeo


Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Kwa Babu,

Shikamoo Babu. Hii ndiyo ripoti.

Bibi amesema tusikuambie. Lakini hakusema tusikuandikie, kwa hiyo nakuandikia.

Babu, nyumba yenu haipo. Mkate haupo. Tulipanda kile kilima, na Bibi alikuwa anatuambia mkifika kwenye kona mtasikia harufu, vuteni pumzi. Tukavuta. Tukasikia moshi wa magari. Halafu tukakata kona na kulikuwa na maegesho ya magari, kiwanja chote, na kizuizi chekundu kinachopanda na kushuka, na mlinzi kwenye kibanda. Bibi akasema tumekosea njia. Tukarudi chini tukapanda tena. Bado ni magari.

Bibi alisimama sana. Bosi akamuuliza nyumba imekwenda wapi, Bibi akamwambia, "Imepumzika." Hakulia. Ila njia nzima ya kurudi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, mpaka vidole vikauma. Sikumwambia kwamba vinauma.

Halafu akasema, "Babu yenu aliiona nyumba hii ikiwa nzima, na anaipenda sana kuliko anavyosema. Nyonga inamsumbua, yuko peke yake, tusimpe na hili." Usiku nilimwona anakuandikia barua, anasimama, anafikiri, anaandika tena. Nadhani ameandika uongo. Uongo ni kosa, lakini kama ni kwa ajili yako sijui tuuiteje. Naomba ushauri.

Bosi anasema lifti ya mnara imekohoa kweli.

Mjukuu wako


Jumatatu, tarehe 17 Agosti

Kwa Wakili, mkononi mwake tu

Marahaba, mke wangu mdogo.

Ripoti yako imefika na nimeisoma polepole. Umefanya vizuri kuniandikia, na umefanya vizuri zaidi kutomwambia Bibi kuhusu vidole.

Babu alikuwa anajua. Nilipokwenda kumzika msimamizi wangu nilipanda kile kilima kama nyinyi, nikakata ile kona kama nyinyi. Walikuwa wameshaibomoa. Niliporudi nyumbani Bibi alinipokea mlangoni na koti hajanivua, akaniuliza, "Umepita kwetu?" Alikuwa anatabasamu hivi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nikasema ipo. Kisha akauliza mlango, nikasema wa kijani. Akauliza mkate, nikasema moto. Tangu siku hiyo, akiwa na huzuni, ananiambia, "Nieleze tena ulivyoiona," nami naeleza. Ndiyo sababu nilimzuia asiende. Nilimzuia vibaya, akaumia.

Sasa kwa kuwa yeye ananificha mimi na mimi namficha yeye, wewe uko katikati, na hapo si mahali pa mtoto. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mpe mkono wako kila mnapotembea, basi. Mengine tuachie sisi wazee.

Babu


Jumatatu, tarehe 17 Agosti

Mama watoto,

Nimefurahi kuliko nitakavyoweza kuandika. Yule mwoka mikate kijana namkumbuka akitambaa kwenye unga, mama yake akimkung'uta kama mkeka. Kumbe sasa ana tumbo.

Huyo mama anayekaa chumba chetu, ukipita tena, mwambie lile dirisha halifungi vizuri wakati wa mvua. Lazima uliinue kidogo kwa kiganja, ndipo ulivute. Nilikuwa nataka kulitengeneza, tukahama kabla. Na ubao wa sakafu karibu na mlango unalia. Wewe ulikuwa unaujua, ulikuwa unauruka ukirudi zamu ya usiku ili usiniamshe. Nilikuwa macho kila siku. Nilikuwa nasubiri nisikie umeuruka, ndipo nilale.

Nyumba ile tulikaa wote wawili. Ulijiuliza, nimekujibu.

Mumeo


Alhamisi, tarehe 20 Agosti

Mzee wangu,

Asubuhi ya leo nimepata barua yako ya dirisha. Niliisoma kwenye ngazi za nyumba ya wageni, na ilinichoma. Nilijiambia, huyu mtu anafurahi kule peke yake kwa ajili ya dirisha ambalo halipo, na mimi ndiye niliyempa.

Tukatoka kwenda bustani ya wanyama. Njiani kandambili ya Bosi ikakatika. Akakaa chini katikati ya njia, akatangaza kwamba hatembei. Nikauliza watu wanielekeze kwa fundi viatu, wakaniambia aliye karibu yuko juu ya kilima, kwenye kona. Kona yetu. Siku ile kibanda chake kilikuwa kimefungwa, sikukiona.

Fundi akachukua kandambili, akaniangalia, akaiweka chini. "Samahani mama, wewe si mke wa fundi lifti?" Ni yule kijana aliyekuwa anajifunza kazi kwa mzee mwenye kengeza, unamkumbuka? Kengeza hakurithi, lakini mvi sasa anazo. Nikamwambia ndiye mimi. Akasema, "Mzee wako hajambo? Maana mara ya mwisho alinitia wasiwasi."

Nikamuuliza mara ya mwisho lini.

Akasema ulikuja wakati tingatinga bado linazoa kifusi. Ulikaa kwenye kiti chake cha wateja, kofia mkononi, mpaka wakaacha kazi. Akakuuliza mkeo atasemaje. Ukamwambia, "Mke wangu bado analala na kuamka kwenye nyumba hii. Siendi kumbomolea mara ya pili."

Mzee, nilikaa kwenye kiti hichohicho. Bosi akaniuliza mbona nacheka. Sikujua kwamba ninacheka, nilidhani nalia. Vyote vilikuwa vinatoka kwa wakati mmoja, na fundi maskini akaniletea maji, akatengeneza na kandambili ambayo haijakatika.

Kila ulipokuwa unanieleza ile rangi ya kijani ulikuwa unaitoa wapi? Nilikuwa nakuuliza nikiwa mgonjwa, nikiwa nimekasirika, na siku zile binti yetu alipoolewa na nyumba ikawa kimya. Hukuchoka hata mara moja. Na mimi nikakuandikia kwamba hukuipenda.

Nisikilize. Likizo haijaisha. Wakili ana daftari zima la mahali ambapo hatujafika, na mahali pengine hata mimi na wewe hatukuwahi kufika, tulikuwa tunafanya kazi tu. Njoo. Hiyo nyonga inayokwenda sokoni kila asubuhi inaweza kufika stesheni.

Nataka nisimame pale na wewe.

Mkeo


Jumamosi, tarehe 22 Agosti

Mama watoto,

Barua yako niliisomea jikoni, nikimpa kisogo yule kuku mweusi.

Kuhusu soko. Sijafika sokoni. Tangu wanipasue nyonga sijavuka geti letu. Wewe ukiwa kazini kwa watu nilikuwa nakwambia nimetoka, na vitu alikuwa ananiletea seremala. Nikifika getini mguu unakataa; hauumi, unaogopa. Nilikuwa fundi wa kuning'inia kwenye kamba juu ya vichwa vya watu, leo naogopa ukingo wa barabara. Hilo sikutaka ulijue kabisa.

Leo asubuhi seremala amenishika mkono. Tumetoka mpaka kwenye duka la pembeni, tukarudi. Mchana tumetoka tena. Kesho tutajaribu kituo cha basi. Jumatano nitakuwa kwenye treni. Seremala ataisindikiza nyonga yangu mpaka nikae kwenye kiti, na kuku atawaangalia yeye.

Mwambie Bosi ashikilie lifti.

Mumeo


Ijumaa, tarehe 28 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nilikuahidi nitakuandikia mambo ya jiji, lakini kwanza nakueleza ya Babu.

Tulikwenda kumpokea stesheni. Watu wote walishuka wakaisha, Babu hajatokea, Bibi akaanza kusema labda amelala. Halafu tukamwona mlango wa mwisho, amesimama na fimbo, anaangalia ile nafasi kati ya treni na jukwaa. Nafasi ni ndogo, hata Bosi anairuka. Babu alikuwa hairuki. Bibi akaenda akampa mkono bila kumharakisha. Nilidhani watakumbatiana kama kwenye filamu. Bibi alimwekea kola sawa, akamwambia, "Umekonda." Babu akasema, "Wewe umeungua jua." Basi. Lakini hawakuachiana mikono mpaka nyumba ya wageni, hata kwenye mlango mwembamba, wakapita upande upande.

Jana tulipanda kilima. Tulikwenda polepole, Babu anapumzika, anapapasa ukuta wa watu anasema anakagua jengo, na Bibi anacheka peke yake, sijui kuna nini. Fundi viatu alifunga kazi akaja nasi.

Babu akapita chini ya kile kizuizi chekundu, akaenda mpaka katikati ya magari. Mlinzi akatoka kwenye kibanda. Ni kijana tu. Akasema, "Mzee, hapo hapasimamwi, unazuia njia."

Babu akamwambia, "Samahani mwanangu. Nyumba yetu ilikuwa hapa. Mimi na mama huyu."

Mlinzi akaangalia chini. "Hapa wapi?"

Babu akainua fimbo. Hakuonyesha chini, alionyesha juu. "Pale. Ghorofa ya tano."

Tukaangalia juu sote. Hakukuwa na kitu, ni anga tu na waya moja. Bosi akauliza, "Babu, mlikuwa mnakaa hewani?"

"Ndiyo," Babu akasema.

"Mlikuwa mnapandaje?"

"Kwa miguu. Bibi yako ananisukuma kwa nyuma."

Bibi akaanza kuonyesha. Hapa jiko. Hapa meza. Hapa dirisha. Babu akamwambia, hapana, dirisha sogeza huku kidogo, na Bibi akasogeza kidole chake, akasema, "Kweli, hapo." Walibishana kuhusu mahali pa kitanda. Gari likaja likapiga honi, na mlinzi akalipungia mkono lizunguke upande wa pili. Watu waliokuwa wanapita njiani wakasimama, nao wakaangalia juu.

Mama, nimeona na mahali ulipozaliwa. Bibi alinishika kichwa akakigeuza ili nisikosee. Ni juu ya nguzo ya taa, kidogo kuelekea mtoni.

Mwanao